Baa ya Santuri ya Mukhwana

Matete,
12 Februari 2024

Mwanangu Khalayi,

Mulembe. Naomba karatasi hii ikukute ukiwa na afya, na jua la Lodwar liwe limekuhurumia kidogo. Huku tupo. Mvua bado haijafika, mashamba tumeshayalima yanangoja, na goti langu la kushoto linanigombeza nikipanda ngazi za kanisa, lakini napanda.

Usishangae kupata barua wakati huu wa simu. Simu nimekupigia mpaka nikachoka, haishikwi. Ndipo nikamwomba mama yako Kemunto anipe anwani, naye hakuninyima. Dereva wa basi la Kitale ameahidi itafika katika ofisi yao ya hapo kwenu.

Tulimzika baba yako tarehe ishirini Januari, hapa nyumbani, kando ya mama yetu. Watu walijaa. Wazee waliniuliza, "Na mtoto wake ako wapi?" Nikasema uko kazini, mbali. Sikuandikii ili nikulaumu, Khalayi. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo ambalo siwezi kuliamua peke yangu.

Baba yako ameacha ile baa yake ya Kakamega mjini. Sidhani uliwahi kuiona. Ni chumba kimoja nyuma ya soko, mlango wa buluu, meza nne. Upande mmoja kuna kaunta ya bia, na upande wa pili kuna rafu za santuri kutoka sakafuni hadi karibu na mabati. Mtu alikuwa anaingia, anaagiza chupa yake, anasikiliza, na akiupenda wimbo ananunua santuri yenyewe anaenda nayo nyumbani. Juu ya mlango aliandika neno moja tu kwa rangi nyeupe: SIKILIZA. Landilodi anataka chumba chake mwisho wa Aprili, na hana ubaya, amengoja vya kutosha.

Wewe ndiye mtoto wake wa pekee. Neno lako ndilo nitakalolifuata. Mimi ni dada yake tu, shangazi yako, ingawa tulizaliwa siku moja. Yeye alitangulia akaitwa Mukhwana, mimi nikamfuata nikaitwa Mulongo, kama ilivyo kwetu. Sijawahi kukaa duniani bila yeye, hata tumboni. Sasa nina miaka sitini na mitatu na ndiyo naanza kujifunza.

Niandikie.

Senge wako,
Selpher Mulongo

* * *

Lodwar,
1 Machi 2024

Kwa Senge Selpher,

Salamu kutoka huku. Barua yako nilipata wiki iliyopita, bahasha imejaa vumbi lakini haijafunguliwa. Mimi ni mzima. Joto nimelizoea. Pole kwa goti. Usipakepake zile dawa wanazouza stendi, nenda upigwe picha.

Namba za kutoka nyumbani huwa sishiki, si zako peke yako. Mtu akipiga lazima umjibu hapo hapo, na maneno yangu kuhusu huyo mzee huwa hayaji hapo hapo. Barua ni afadhali.

Kuhusu baa, jibu langu ni fupi. Uza. Uza santuri, uza meza, uza na mlango kama ni wake. Kitakachopatikana lipe kanisa lako au nunua mbolea. Mimi sitaki kitu.

Umesema hunilaumu, na nimeshukuru. Lakini wacha nikuambie mwenyewe kwa nini sikuja, usije ukaambiwa na watu. Nilikuwa na miaka tisa mama aliponichukua tukaenda Kisii. Baba alisema atakuwa anakuja kila mwezi. Alikuja mara mbili. Siku niliyohitimu chuo nilimwekea kiti karibu na mama, nikaweka sweta yangu juu yake ili mtu asikikalie. Watu walikosa viti wakasimama huko nyuma kwenye jua, na hicho kikabaki na sweta mpaka mwisho. Baadaye nikasikia alikuwa Kisumu, kuna mzee fulani alikuwa anauza santuri zake. Basi nikaacha kumngoja. Na mtu uliyeacha kumngoja zamani hivyo, akifa unamlilia nani? Hilo swali ndilo lilinishinda, nikaomba zamu ya wikendi hiyo nikabaki maabara.

Nakutakia afya njema.

Ni mimi,
Khalayi wa Kemunto

* * *

Matete,
22 Machi 2024

Mwanangu Khalayi,

Mulembe tena. Mimi si mgonjwa, na goti nimeenda likapigwa picha kama ulivyoniamuru. Daktari amesema ni uzee. Ningeweza kumwambia hilo mwenyewe.

Nimesoma habari ya kiti. Nimeisoma mara nyingi. Sina sababu ya kukupa, mwanangu. Baba yako hakuniambia kwa nini hakuja siku hiyo, na mimi sitakutungia. Alikosea.

Nilifanya ulivyosema. Alhamisi niliyoipata barua yako nilienda Kakamega kufunga. Ungeniona ungecheka. Mama wa kanisa la Friends, leso kichwani, Biblia kwenye mkoba, nasimama mbele ya baa nikitazama huku na huku kama mwizi. Maisha yangu yote sijawahi kuvuka mlango wa mahali pombe inauzwa. Hata kaka yangu alipokuwa hai nilikuwa nikimtembelea nabaki nje, ananiletea kiti na soda, tunaongelea hapo barabarani. Alinizoea. Hakuwahi kuniambia ingia.

Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya karatasi za zamani. Nilidhani nitakuta uchafu. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Santuri zimesimama kama vitabu, kila moja na jalada lake, za rumba huku, za benga kule, na rafu moja ya nyimbo zetu za Kiluhya za gitaa ambazo tulikuwa tukizisikia tukiwa wasichana. Nyuma ya pazia ndipo alipokuwa akilala. Nilikuta kitanda, sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Nilitafuta vingine, nikidhani viko ndani ya karatasi mahali. Havikuwepo. Kwangu huwa kuna vyombo vya wageni hata kama wageni hawaji. Nilikaa juu ya hicho kitanda muda mrefu.

Nikiwa hapo mtu akabisha. Mzee mrefu, kofia mkononi, jina lake Phineas. Alikuwa akiendesha trekta za miwa huko Butali mpaka alipostaafu, na mke wake alifariki zamani. Akaniuliza, "Mama, umefungua?"

Nikamwambia, "Hapana. Nimekuja kufunga."

Akasema, "Basi wacha nisikilize upande mmoja tu, ndio ufunge."

Mashine siijui. Yeye ndiye alinionyesha: unaishika santuri kwa ukingo, unaipangusa na kitambaa, unaishusha sindano polepole kama unamlaza mtoto. Tukakaa. Tukasikiliza. Ilipokwisha akashika kofia, akasema asante, akaenda. Nami sikufunga.

Nimekuwa nikirudi kila Alhamisi. Bia zilizobaki nimemrudishia mwenye kuzileta, nikaweka chupa ya chai na mandazi. Siku ya kwanza wateja walijaa kuona huyu mama ni nani. Ya pili wakapungua. Sasa anakuja Phineas, na mwalimu mmoja wa Iguhu anayepitia akitoka mjini, na saa nyingine hakuna mtu, niko mimi na chai yangu. Wamama wa kanisa wameniuliza kama ni kweli. Nimewaambia ni kweli, na mandazi ni mazuri, waje. Hawajaja.

Phineas aliniuliza, "Yule binti anayepima damu Lodwar, ataijia hii mali?" Nikashtuka. Kumbe baba yako alikuwa amemwambia.

Nitauza, usidhani nimegeuka. Natafuta mtu.

Senge wako,
Selpher

* * *

Lodwar,
5 Aprili 2024

Kwa Senge,

Salamu nyingi. Niko salama, ila wiki hii tulikuwa na wagonjwa wengi wa malaria na macho yangu yamechoka na darubini. Nimefurahi kwamba goti ni uzee tu.

Hiyo habari ya Phineas imenikasirisha na sitakuficha. Kama alijua niko Lodwar, alijua njia. Basi linatoka Kitale kila asubuhi. Kumtajia mlevi mmoja kwamba una binti ni kazi rahisi. (Najua hapo kwako sasa Phineas anakunywa chai tu. Nisamehe. Lakini unanielewa.)

Halafu nimekaa na hasira yangu siku mbili tatu, na kitu kingine kikanijia. Niliposoma kuhusu sahani moja nilienda jikoni kwangu. Ninazo mbili. Ya pili bado ina karatasi ya bei chini yake. Niko hapa mwaka wa sita.

Huku watu ni wema, usifikiri ninateswa. Jirani yangu ananiletea samaki wa ziwani. Lakini nikifunga mlango jioni, nimefunga. Nilidhani mimi nimefanana na mama.

Nina swali moja, nalo ni la kukujibu kama ulivyonijibu la kiti, bila kutunga. Siku aliyokufa, kuna mtu alikuwa naye? Nilipigiwa simu na namba nisiyoijua, mtu akasema tu "ni moyo," nikashukuru nikakata. Sikuuliza zaidi. Sasa nauliza.

Mwanao,
Khalayi

* * *

Matete,
12 Aprili 2024

Mwanangu mpendwa,

Mulembe. Mvua imeanza. Inanyesha mchana kutwa, tumepanda kwa haraka, na barabara ya kwenda mtoni imekuwa ugali. Mimi ni mzima. Natumai macho yako yamepumzika.

Nimemuuliza Phineas kwa ajili yako. Nilikuwa sijamuuliza, nilikuwa naogopa. Alinieleza, nami nakuandikia alivyosema.

Ilikuwa mchana, saa za baada ya chakula. Ndani walikuwa watatu: baba yako, Phineas, na yule mwalimu. Baba yako aliweka santuri ya rumba, ndefu, akakaa kwenye kiti chake karibu na mashine. Hiyo ilikuwa kawaida yake. Hakuwa mtu wa kuongea muziki ukiimba, na mteja akipiga kelele alimwambia polepole, "Soma juu ya mlango." Basi akakaa, kichwa kimeegemea rafu, macho amefumba. Upande wa kwanza ukaisha. Sindano ikafika katikati ikawa inakwaruza tu, kwaru, kwaru. Walingoja. Baba yako hakuwahi kuiacha sindano ikwaruze, alikuwa anaruka hata kama anamimina bia. Phineas akasema, "Mukhwana, geuza." Mwalimu akacheka kwamba leo mzee amelala. Ikaendelea kukwaruza. Ndipo Phineas akainuka mwenyewe, akaitoa sindano, na alipomgusa bega akajua.

Waliketi naye mpaka gari likaja. Phineas alimshika mkono. Kwa hivyo hakuwa peke yake, Khalayi. Walikuwa watu wawili, na wote walimpenda. Hilo sijalitunga.

Mimi siku hiyo nilikuwa hapa Matete nikipukuchua mahindi, na sikusikia chochote. Watu husema pacha husikia. Nilipukuchua gunia zima nikiimba.

Sasa jambo la pili. Mnunuzi amepatikana. Anaitwa Kiptoo, ana hoteli Eldoret, kijana mpole na shati safi. Anataka santuri zote pamoja na mashine na rafu. Nilimuuliza kama ataziimbisha. Hakunidanganya. Alisema nyingi atazitundika ukutani, majalada yana picha nzuri, wageni wake watapenda. Nilitaka kumkatalia, halafu nikajiuliza nitaziweka wapi. Nyumba yangu inavuja upande mmoja, stima inakuja na kwenda, na mimi sitaishi milele nikipangusa santuri.

Atakuja na pikapu Jumamosi tarehe ishirini na saba. Landilodi anachukua funguo jioni hiyo. Ukitaka kuiona baa ya baba yako hata mara moja, ni kabla ya hapo. Na ukisema nisimpe Kiptoo, sitampa. Nitakungoja siku hiyo, nitakuwa na chai.

Senge wako,
Selpher

* * *

Matete,
6 Mei 2024

Mwanangu Khalayi,

Mulembe. Hukujibu, nami sikulazimishi. Natumai ni barabara tu. Redio imesema mafuriko yamekata njia sehemu nyingi.

Santuri zimeenda. Kiptoo alifika saa nne na vijana wake wakaanza na rafu za mbali. Phineas alikuwa amevaa koti la harusi. Mwalimu wa Iguhu alikuja na wengine niliokuwa sijawaona, watu wa zamani wa baba yako, wakajaza meza zote nne, na chai ikaisha kabla ya saa sita. Mashine niliikataza kuguswa. Kila walipobeba rafu moja nje sisi tuliweka santuri nyingine. Wakati wa kuibeba mashine ulipofika kulikuwa na wimbo katikati, na kijana mmoja akanyoosha mkono kuuzima. Kiptoo akamwambia, "Wacha uishe." Akavuta kreti akaikalia. Tukakaa naye mpaka ukaisha, na upande wa pili pia. Nilimpenda kidogo hapo.

Phineas nilimpa santuri moja. Hana mashine. Alisema haidhuru.

Nilipiga sakafu deki, nikatoa funguo, nikafika nyumbani jua likizama. Jirani yangu Chepng'etich aliniletea maziwa, tukaongea kidogo, nikalala.

Nilikungoja kama nilivyosema. Sasa sitakuandikia tena mpaka utakapoona vema kuniandikia. Si kwa hasira. Kuna maneno ambayo mtu lazima aachiwe ayalete mwenyewe.

Senge wako siku zote,
Selpher

* * *

Lodwar,
2 Juni 2024

Senge wangu,

Mulembe. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Mimi ni mzima wa mwili. Natumai mahindi yamechipuka vizuri na paa halijaongeza kuvuja.

Nilikuja, Senge.

Niliomba ruhusa, nikapanda basi Ijumaa, nikalala Kitale, na Jumamosi saa tano nilikuwa Kakamega. Nilipita sokoni nikiuliza baa ya santuri, na muuza ndizi akanionyesha bila kufikiri, "Kwa Mukhwana? Pita hapo, utasikia." Na kweli nilisikia kabla ya kuona. Gitaa lilikuwa linatoka kwenye huo mlango wa buluu mpaka barabarani.

Nilisimama ng'ambo, karibu na fundi wa viatu. Mlango ulikuwa wazi. Nilikuona na leso yako nyeupe. Sijakuona tangu nikiwa mtoto na nilikujua mara moja, kwa sababu una uso wake. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilijua ninyi ni pacha, lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Ulishika santuri kwa ukingo, ukaipangusa, ukainama kwa mashine, na mimi hapo nje nikasogea nyuma ya fundi. Ndani mlikuwa mmeketi kama watu wa nyumba moja. Nikafikiri, nikiingia watageuka wote, wataniangalia, mtu ataniachia kiti. Na mimi nikalie kiti kipi? Kwa haki gani? Kila mtu hapo alimjua kuliko mimi.

Fundi wa viatu akaniuliza kama nangoja mtu. Nikasema hapana.

Muziki ulipokwisha niliona wanaitoa mashine. Nilidhani utatoka nyuma yao, nikaogopa, nikaondoka pale nikazunguka hadi kwenye pikapu. Yule mwenye shati safi alikuwa anafunga kamba. Nikamuuliza kama anaelekea Eldoret. Nikamwambia nataka kushuka njiani. Akanitazama mkoba, akasema ingia, ila utanisaidia kushika kitu. Nikaingia mbele, naye akanipakatisha mashine ya baba.

Niliibeba kwenye mapaja kutoka Kakamega hadi Matete, Senge. Ni nzito. Ilikuwa bado na joto upande mmoja. Kila tukiingia shimo nilikuwa naikumbatia ili isigonge mlango. Kiptoo aliongea njia nzima. Aliniambia habari ya mama mmoja mzee ambaye mbele yake alijikuta amekaa juu ya kreti kama mtoto wa shule, na mzee mmoja aliyelia bila kufuta machozi. Akasema ameambiwa mwenye baa alikuwa mtu wa ajabu, alikuwa anakataa kumuuzia mtu santuri kama hajakaa akaisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Wewe ulimjua?" Nikasema, "Kidogo." Sikudanganya.

Tulipofika Malava nikajua ninakoenda. Nilishuka Matete, nikamrudishia mashine yake, nikauliza njia. Kwako palikuwa pamefungwa, nilijua uko mjini bado. Nilienda nyuma ya nyumba nikakuta makaburi, lile la zamani na hili jipya ambalo udongo wake ulikuwa umeanza kudidimia kwa mvua. Nilikuwa nimebeba maneno kutoka Lodwar. Nilikuwa nimeyapanga kwenye basi, la kiti, la Kisii, yote. Pale niliyaacha. Nilichuma tu majani yaliyokuwa yameota pembeni, nikayarundika.

Hapo akapita mama mmoja na mtungi wa maziwa, akasimama kwenye ua. Akanisalimu. Halafu akaniuliza, "We ni wa nani?"

Swali la kawaida. Huku Lodwar watu huniuliza natoka wapi, nasema Kisii, yanaisha. Lakini huyo mama aliuliza ni wa nani, na alikuwa anangoja. Nikamwambia, "Mimi ni wa Mukhwana."

Sijawahi kulisema hilo, Senge. Angalau tangu niwe mtu mzima. Lilitoka lenyewe, na lilipotoka ndipo nikalia, na yule mama akaweka mtungi chini akavuka ua akanishika mpaka nikanyamaza. Hakuniuliza kitu kingine. Aliniambia nikungoje, nikakataa. Nilipanda gari la Eldoret kabla ya wewe kufika.

Sijui kwa nini nilikukimbia. Labda kwa sababu ya uso. Labda niliona nikikungoja itabidi niwe mtu wa nyumba hiyo kuanzia siku hiyo, na nilikuwa nimechoka.

Ulikuwa unaningoja na chai, na mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwako. Naomba unisamehe.

Mwanao,
Khalayi

* * *

Matete,
14 Juni 2024

Mwanangu Khalayi,

Mulembe, na asante kwa barua. Niko vizuri. Mahindi yamefika magotini na Sammy fundi ameziba paa, ila ameacha tundu moja ili nimwite tena.

Nilijua.

Chepng'etich alikuja jioni ile ile na maziwa. Kabla hajaketi akasema, "Mtoto wa Mukhwana alikuwa hapa." Nilitoka nikaenda kaburini na viatu vya safari, nikaliona lile rundo la majani. Bado lilikuwa kijani. Nilikimbia hadi barabarani na hili goti. Kulikuwa na mama anayechoma mahindi tu. Nikarudi.

Sikukuandikia hilo kwa sababu halikuwa langu kulisema. Nilisema moyoni, akitaka nijue ataniambia. Ulichukua muda mrefu, mwanangu. Zilikuwa siku ngumu kwangu, hilo nitakuambia, maana ulinifundisha tena kungoja na mimi nilikuwa nimedhani nimemaliza. Lakini sina la kukusamehe. Ulienda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, baba yako, ukamsalimia, na kwetu mgeni hufanya hivyo kwanza.

Umeuliza ungekalia kiti kipi. Nimefikiri sana. Sijui. Labda ungesimama tu. Hata mimi wiki za kwanza nilikuwa nimesimama.

Nikwambie hali ilivyo sasa. Mahali pa baa kuna kinyozi. Neno lile la juu ya mlango wamelipaka rangi. Nimepita hapo mara moja tu, nikaona vijana wameketi kwa mstari wakingoja zamu, na televisheni kubwa ikipiga kelele. Phineas tulionana sokoni tukasalimiana, tukakosa cha kuongea. Tulikuwa tumezoea kunyamaza pamoja, na kunyamaza barabarani katikati ya watu ni kazi. Alisema anaendelea vizuri. Nikasema hata mimi.

Alhamisi ndiyo siku mbaya. Naamka mapema, nachemsha chai nyingi kwa mazoea, halafu nakumbuka sina mahali pa kuipeleka. Kanisani wameniuliza mbona siku hizi nakuja hadi mikutano ya katikati ya wiki. Naimba nao. Lakini ukitoka mahali watu wanasikiliza kitu mpaka kinaisha, ukaenda mahali kila mtu anaongea, unachoka. Kaka yangu alijua hilo zamani. Mimi nilikuwa nimekaa nje na soda.

Mwezi wa Agosti tutalijengea kaburi. Fundi ameniuliza maandishi, na nimemwambia jina na miaka. Nimemwambia pia aache nafasi, nimuulize mtoto. Ukiwa na neno, lete. Usipokuwa nalo, nafasi si dhambi.

Chumba cha mbele kina kitanda na neti. Hakuna atakayekuachia kiti wala kukuangalia, maana niko peke yangu, na macho yangu ni haya haya unayoyaogopa. Utayazoea. Mimi mwenyewe nikipita kwenye kioo asubuhi huwa nashtuka, halafu namsalimu.

Chepng'etich ananiuliza utarudi lini. Anauliza kila jioni, kabla hajaweka mtungi chini. Namwambia sijui. Amechoka na hilo jibu, na mimi pia nimechoka kulitoa. Nipe siku yoyote, mwanangu, hata ya mbali, nimwambie.

Senge wako,
Selpher